Mlango Ulioahirishwa

Kiilu Mutunga wa Mukuyuni alijifunza kutengeneza ndege kabla hajawahi kupanda hata moja. Alitoka shuleni akachukuliwa Nairobi kufundishwa ufundi katika lile shirika kubwa la nchi tatu, na kwa miaka mingi alirudi nyumbani na nguo zenye harufu ya mafuta ambayo mke wake Kalunde hakuweza kuitoa kwa sabuni yoyote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa sabini na saba, shirika nalo likafa, na mafundi wakatawanyika. Wengine walirudi kulima. Wengine walifungua gereji za malori. Kiilu alikuwa na bahati. Muthama, mzee wa Kitui aliyekuwa msimamizi wake tangu ujana, alipewa kazi ya fundi mkuu katika kampuni ndogo ya ndege za abiria, na mtu wa kwanza kumwita alikuwa Kiilu.

Kampuni yenyewe ilikuwa na ndege mbili. Moja ilikaa chini muda mwingi ikisubiri spea, na nyingine, ya injini mbili, yenye viti vya watu kama arobaini, ndiyo iliyoleta pesa zote. Mara mbili kwa wiki iliondoka Nairobi ikaenda Tseikuru, halafu ikaendelea kaskazini zaidi. Ilibeba wafanyabiashara wa mifugo, wauguzi, walimu, wagonjwa waliotoka hospitali, na mizigo ya kila namna. Barabara za huko zilikuwa za kuvunja mgongo, na mvua ikinyesha hazikuwa barabara tena. Kwa hiyo ndege ilijaa, na ikijaa wenye kampuni hawakutaka kusikia habari ya kuilaza.

Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Ndege si lazima kila kitu chake kiwe kizima ndipo iruke. Sheria inaruhusu kasoro fulani zisubiri, mradi fundi aziandike kwenye kitabu cha ndege, aeleze ni kitu gani kifanywe badala yake, na aweke sahihi. Taa ya kusomea ya abiria ikifa, inasubiri. Saa ya rubani ikisimama, inasubiri. Mafundi huita hilo kuahirisha. Ni jambo la halali kabisa, na Kiilu alikuwa ameliona likifanywa vizuri kwa miaka mingi kule shirika kubwa, ambako kasoro iliyoahirishwa Jumatatu ilikuwa imeshughulikiwa kabla ya Ijumaa. Lakini kule stoo ilikuwa imejaa. Hapa kwa Muthama, spea iliagizwa Ulaya, ikasubiriwa, ikaulizwa, ikasubiriwa tena.

Asubuhi moja ya mwaka wa themanini, abiria wakiwa wameshakaa ndani na jua limeanza kuchoma, taa nyekundu iliwaka mbele ya rubani. Ilikuwa ikisema kwamba mlango wa nyuma, ule wa kuingilia abiria, haujajifunga sawasawa. Kiilu alipanda ngazi, akaufungua mlango, akaufunga tena, akauvuta mpini kwa nguvu zake zote. Ulikuwa umekaza. Taa haikuzimika.

Juu ya mpini kulikuwa na tundu dogo la kioo. Fundi akichungulia humo anaona makomeo ya chuma yakiingia kwenye matundu yake, moja baada ya lingine, na hiyo ndiyo njia ya kujua kwa hakika. Kioo kilikuwa kimefunikwa na vumbi jekundu la viwanja vya kaskazini, na lingine lilikuwa limeingia kwa ndani mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kiilu alichungulia. Aliona kivuli cha kitu. Alijiambia kwamba ni makomeo.

Muthama alikuwa chini ya ngazi, mkono kwenye paji la uso kuzuia jua.

"Ni ile swichi tena?" aliuliza.

"Naona ni swichi."

Na hapo walikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Miezi michache kabla, taa hiyo hiyo iliwaka, wakaufungua mlango mzima, wakahangaika siku nzima huku abiria wakirudishwa mjini, na mwisho wakakuta ni swichi ndogo iliyokuwa imeharibika. Mwenye kampuni alikuwa amewaambia maneno ambayo Muthama hakuyasahau.

"Basi iahirishe," Muthama akasema. "Toa balbu, isimsumbue Kapteni. Kila safari mtu achungulie kwenye kioo kabla ya kuondoka. Nitaagiza swichi."

Kiilu akatoa balbu, akaandika kwamba makomeo yameangaliwa na yako sawa, akaweka sahihi. Ndege ikaruka.

Ilirudi salama. Ikaenda tena, ikarudi salama. Mara za mwanzo Kiilu alichungulia kweli, akajaribu hata kupangusa kile kioo kwa kijiti kilichofungwa pamba. Baadaye alichungulia haraka. Baadaye zaidi alitazama mpini tu, kwa sababu mpini ulikuwa umelala mahali pake kama kawaida. Huko Tseikuru, ambako hakukuwa na fundi, kazi ya kuchungulia ilikuwa ya rubani msaidizi, na hakuna aliyemuuliza kama anachungulia kweli. Muda wa kuahirisha ulipokwisha, swichi haikuwa imefika, wakauongeza.

Wakati huohuo, marubani walianza kulalamika kwamba hewa ya ndani inavuja kidogo. Ndege ile ilikuwa ya aina inayofungiwa hewa ndani, ili abiria wapumue vizuri ikiwa juu sana. Hewa hiyo husukuma mlango kutoka ndani kwa nguvu ya kutisha, na ndiyo maana makomeo yake ni ya chuma kinene. Fundi mwingine wa zamu alisema mipira ya madirisha imezeeka, jambo ambalo lilikuwa kweli, naye akaliahirisha lile la hewa. Kiilu aliliona limeandikwa. Alilisoma kama anavyosoma mtu tangazo la mkutano usiomhusu.

Ndivyo ilivyokuwa alipopata likizo akaenda nyumbani.

Mwaka huo njaa ilikuwa imeshika Ukambani, na watu wengi waliuza mbuzi wao kabla hawajakonda kupita kiasi. Soko la Mukuyuni lilijaa wanunuzi kutoka mbali. Asubuhi ya siku ya soko, Kalunde alimtuma Kiilu akanunue mahindi mapema kabla bei haijapanda, naye alipokuwa akipita upande wa mifugo akasikia mtu akimwita.

"Fundi! Fundi wa ndege!"

Alikuwa Ahmednur, mfanyabiashara wa mbuzi wa Tseikuru, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina. Walikuwa wamesalimiana mara nyingi pale uwanjani Nairobi, Ahmednur akipanda, Kiilu akiondoa vizuizi vya magurudumu. Kumkuta hapa kati ya mbuzi kulimfurahisha Kiilu. Wakaingia kwenye kibanda cha chai.

Waliongea habari za mvua na bei. Kisha Ahmednur akacheka kidogo.

"Lakini ile ndege yenu, fundi, huko nyuma ina baridi sana siku hizi."

"Baridi?"

"Upepo. Wiki iliyopita nilikaa kiti cha mwisho, karibu na mlango. Upepo unapiga filimbi, wiii, mpaka tumeshuka. Mimi nikatoa kikoi changu nikaweka pale kwa ufa. Unajua nini? Kikoi kilivutwa. Kilitaka kutoka nje."

Kiilu aliweka kikombe chini. "Ufa gani, mzee Ahmednur?"

"Hapa juu." Ahmednur aliinua kiganja, akachora pembe hewani. "Pembe ya juu ya mlango. Tukiwa chini hakuna kitu. Tukienda juu, unaona mwanga wa jua kama uzi. Nikamwambia yule kijana wa kugawa soda, akasema ni kawaida, ndege ni mzee."

Kiilu aliiona ile taa nyekundu ikiwaka, halafu akayaona yale maandishi ya hewa inayovuja, na kwa mara ya kwanza akayaona pamoja. Swichi haikuwa mbovu. Taa ilikuwa ikisema kweli tangu siku ile, na yeye ndiye aliyeing'oa.

"Leo ni siku gani?" aliuliza, ingawa alijua, maana soko la Mukuyuni halina siku nyingine.

"Leo ndege inakwenda kwetu," Ahmednur alisema. "Inaondoka baada ya adhuhuri. Dada yangu Abdiya amo. Ametoka hospitali, mguu umefungwa plasta mpaka kiunoni, haukunjiki. Wamesema watamweka nyuma, karibu na mlango, pale kuna nafasi ya kunyoosha."

Kiilu alisimama, chai yake ikamwagika.

"Twende posta," alisema.

"Kuna nini?"

"Twende tu. Nitakuambia njiani."

Alimwambia njiani, lakini si yote. Alisema kwamba huenda mlango una kasoro, na kwamba lazima Nairobi waambiwe. Ahmednur hakuuliza zaidi. Aliinua pindo la kanzu yake na kukimbia kati ya magunia na kuku waliofungwa miguu, na Kiilu, ambaye alikuwa mdogo kwa umri, alishindwa kumfikia.

Ofisi ya posta ilikuwa chumba kimoja mwisho wa maduka. Karani wake, Mulei, alikuwa mzee wa kanisa, mpole, asiyeharakishwa na mtu. Siku ya soko watu walijaa kwake kutuma barua na kupokea pesa kutoka kwa watoto wao. Kiilu alipita mbele ya wote. Mama mmoja akamshika shati.

"Wewe, sisi tumesimama hapa tangu asubuhi."

"Nisamehe, mwaitu. Kuna watu watakufa."

Alimwita mama, kwa Kikamba chao, na mama yule akaliachia shati. Mulei akamtazama juu ya miwani, kisha bila neno akachukua simu na kuanza kuzungusha kishikio chake cha pembeni. Simu za Mukuyuni zilipitia kwa opareta wa Machakos, na opareta wa Machakos ndiye aliyeomba laini ya Nairobi. Mulei akazungusha, akangoja, akazungusha.

"Machakos hawashiki," alisema.

"Jaribu tena, mzee."

"Najaribu, kijana. Mimi sina mkono mwingine."

Ukutani kulikuwa na saa ya mviringo, na Kiilu alijizuia kuitazama akashindwa. Adhuhuri ilikuwa imeshapita. Abiria wangekuwa wanapimwa mizigo sasa. Wangekuwa wanatembea kwenye lami. Abdiya angekuwa anabebwa ngazini, na mtu angemwekea mto chini ya mguu, na mtu mwingine, mwema tu, angeuvuta mlango na kuulaza mpini mahali pake, na mpini ungekaa vizuri kama siku zote.

"Machakos," Mulei akasema ghafla kwenye simu. "Hapa Mukuyuni. Nataka Nairobi. Ni jambo la hatari."

Nairobi ilipatikana, ikapotea, ikapatikana tena. Aliyeshika simu katika ofisi ya kampuni alikuwa Syombua, mwanamke aliyeongea na marubani kwa redio. Sauti yake ilitoka mbali kama mtu aliye ndani ya kisima.

"Syombua, ni Kiilu. Ndege imeondoka?"

"Kiilu? Si uko likizo?"

"Imeondoka?"

"Imeondoka. Sasa hivi. Bado inapanda."

Kiilu aliegemea meza ya Mulei. "Niitie mzee Muthama. Kimbia, dada, tafadhali."

Alisikia viatu vyake vikiondoka, halafu mlio wa waya, halafu kimya kirefu hata Mulei akaanza kunyoosha mkono achukue simu aangalie kama laini imekatika. Ahmednur alikuwa amesimama karibu sana, akisikiliza kila neno.

"Ni nini?" Sauti ya Muthama.

"Mzee, ule mlango wa nyuma. Si swichi. Ni makomeo, hayaingii. Mwambie Kapteni asipande juu zaidi. Atoe hewa ya ndani polepole, ashuke, watu waondoke kule nyuma."

"Nani amekuambia?"

"Abiria. Ameona mwanga wa jua kwenye pembe ya mlango. Kikoi chake kilivutwa."

"Kiilu. Abiria anaona mambo mengi. Ndege ile mipira yake imezeeka, unajua. Nikimwambia Kapteni ageuze ndege iliyojaa watu kwa sababu ya kikoi, kesho wewe na mimi hatuna kazi. Uliangalia makomeo mwenyewe. Uliandika."

Hapo Kiilu angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kwamba Muthama ndiye aliyesema iahirishwe. Angeweza kusema kwamba ile hewa inayovuja iliahirishwa kwa sahihi ya mtu mwingine. Watu wa foleni ya posta walikuwa wakisikiliza wote, na baadhi walimjua tangu alipokuwa akichunga ng'ombe wa baba yake.

"Sikuyaona," alisema. "Kioo kilikuwa na vumbi. Niliona kivuli nikaandika makomeo. Niliandika uongo, mzee. Hakuna mtu ameyaona makomeo hayo tangu siku ile."

Kulikuwa na mlio, kama mtu aliyepasua karatasi karibu na sikio lake. Kisha hakukuwa na kitu.

"Halo? Mzee?"

Mulei alichukua simu, akazungusha. "Imekatika," alisema kwa upole.

"Amesikia? Alisikia lile la mwisho?"

Mulei akazungusha tena.

Ahmednur alikuwa akimtazama. Uso wake haukuwa na hasira bado. Ulikuwa wa mtu anayejaribu kuelewa lugha ngeni.

"Taa ilikuambia mlango haujafungwa," alisema polepole, "na wewe ukatoa taa."

"Ndiyo."

"Na dada yangu amekaa hapo."

"Ndiyo, mzee Ahmednur."

Ahmednur alitoka nje. Kiilu alimwona kupitia dirishani akinawa mikono, uso na miguu kwa maji ya birika aliloomba dukani, kisha akatandika kile kikoi chake kando ya ukuta, akasali. Alisali muda mrefu. Kiilu naye alikuwa mtu wa kanisa, na mama yake aliongoza nyimbo kila Jumapili, lakini alipojaribu kuomba hakupata neno la kuanzia. Aliona tu pembe ya mlango, na mwanga mwembamba ukipanuka.

Alijua jinsi ingekuwa. Hilo ndilo lililomtesa, kwamba alijua. Mtu mwingine angeogopa kwa jumla, kama tunavyoogopa ajali, lakini yeye alijua ni komeo lipi litalegea kwanza, na chuma kitapinda kuelekea wapi, na mlango ule ukitoka utapita karibu na mkia. Katika mafunzo yao ya zamani waliwahi kuonyeshwa picha za ndege iliyopoteza mlango. Walikuwa vijana, na baada ya darasa walikwenda kula.

Laini ya Machakos ilikuwa imekufa kabisa. Mulei aliendelea kuzungusha kila baada ya kumhudumia mtu mmoja, na watu wa foleni, ambao asubuhi walikuwa na haraka, sasa walimwambia asiwahudumie kwanza. Habari zilitoka nje zikaenea sokoni. Kalunde akaja, mahindi hayajanunuliwa, kanga imemtoka kichwani.

"Wanasema umeangusha ndege," alisema.

"Sijui bado."

Alimtazama, kisha akakaa kando yake kwenye benchi bila kumgusa. Baadaye alisema, kwa sauti ya chini, "Watoto wa nani wamo?" Kiilu akasema hajui. Alitambua kwamba hakuwahi kujua. Kwa miaka yote aliyoondoa vizuizi vya magurudumu na kupunga mkono, alikuwa akiipungia ndege tu.

Simu ililia mara ya kwanza, wote wakasimama. Alikuwa mtu wa mji wa Wote akiuliza bei ya mbegu za pamba. Mulei, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akiinua sauti, alimwambia atoke kwenye laini. Ililia mara ya pili, na Mulei akasikiliza, akampa Kiilu mkono wa simu bila kusema chochote, na Kiilu kwa muda hakutaka kuupokea.

"Kiilu?" Alikuwa Syombua. "Imetua. Tseikuru. Watu wote wako salama."

Kalunde ndiye aliyechukua simu na kumshukuru Syombua. Kiilu alitoka nje hadi pale ukutani, akachutama mbele ya Ahmednur.

"Wamefika. Abdiya amefika."

Ahmednur aliinama tena mpaka paji la uso likagusa kikoi. Alipoinuka alikunja kikoi chake vizuri, akakiweka begani, akaenda kutafuta lori la kumrudisha kwao. Hakumpa Kiilu mkono.

Yaliyotokea kule juu Kiilu aliyasikia kwa vipande, mengine kwa Kapteni, mengine kwa Syombua. Muthama alikuwa ameyasikia maneno yote kabla laini haijakatika. Alitupa simu chini, akakimbia chumba cha redio, akamnyang'anya Syombua kifaa cha kuongelea. Kapteni alipoambiwa hakubishana. Alisimamisha ndege isipande, akaanza kuitoa hewa ya ndani kidogo kidogo, akashuka mpaka vichaka vya Kitui vikaonekana kimoja kimoja. Masikio ya abiria yaliuma, watoto wakalia. Rubani msaidizi alikwenda nyuma na kuwaondoa watu wa viti vya mwisho. Abdiya, na plasta yake, alibebwa na wanaume wawili wasiomjua hadi mbele, akalazwa kwenye njia katikati ya viti. Alipokuwa akibebwa alitazama nyuma, akaona ufa ambao sasa ulipitisha mkono. Upepo ulikuwa umechukua shungi lake la kujifunika kichwa, likaenda nje kana kwamba limeitwa na mtu.

Kwa nini Kapteni hakurudi Nairobi? Kwa sababu kugeuza kungekuwa kuupindisha mwili wa ndege, na kiwanja cha Tseikuru kilikuwa mbele kwa mstari mmoja. Alishuka hapo kama anayeshusha kikapu cha mayai. Ngazi ilipowekwa, mpini wa mlango ulifunguka kwa kidole. Makomeo ya juu yalikuwa yamepinda, hayakuwa yakiingia kwenye matundu kabisa. Yale ya chini ndiyo yaliyoshikilia, na moja kati ya hayo lilikuwa limeanza kupasuka.

Wakaguzi wa serikali walikuja, wakauliza maswali kwa siku nyingi. Mwenye kampuni alitaka jambo lote liwe la Kiilu, kwa kuwa sahihi ilikuwa yake. Muthama aliposimama kujibu alisema ni yeye aliyetoa amri ya kuahirisha, na kwamba hata ile dakika ya simu alikuwa amefikiria kukataa. Hakuna aliyemuuliza hilo la pili. Alilisema mwenyewe. Alinyang'anywa leseni, akarudi Kitui, akawa anatengeneza pampu za visima mpaka alipofariki. Kiilu naye alinyang'anywa, lakini kwa muda. Alikaa Mukuyuni akirekebisha mashine za kusaga, na wapo waliompita barabarani bila salamu, na wapo waliomwita shujaa kwa ajili ya ile simu. Makundi yote mawili yalimchosha.

Abdiya alitembea tena, kwa fimbo. Miaka kadhaa baadaye, Kiilu akiwa amerudishiwa leseni na kupata kazi kwa kampuni nyingine, alikutana naye Tseikuru ambako ndege yao ilikuwa imetua kuchukua wagonjwa. Alimtambua kwa ndugu yake aliyesimama pembeni. Ahmednur hakupanda ndege tena maishani. Alisafiri kwa malori ya mbuzi na hakulalamika. Abdiya ndiye aliyemkaribia.

"Ni wewe uliyepiga simu?" aliuliza.

"Ni mimi. Na ni mimi niliye..."

"Najua. Ahmednur ameniambia yote. Mimi nimemwambia akusalimie. Amekataa. Basi mimi nakusalimia." Akampa mkono, akaondoka na fimbo yake.

Kiilu alifanya kazi mpaka miaka ya tisini. Hakuacha kuahirisha kasoro, kwa kuwa hakuna ndege inayoruka bila hilo, lakini aliogopa kila mara, na hofu ile haikupungua kwa mazoea. Kila kasoro mpya aliisoma pamoja na zote zilizotangulia, kwa sauti, hata vijana wakacheka. Alifungua vifuniko ambavyo wengine walivitazama tu. Walimpa jina la Fungua Tuone, na mabosi walikuwa wakiomba asiwe kwenye zamu siku ya safari kubwa.

Mara moja, karibu na kustaafu kwake, aliona tone la mafuta chini ya tumbo la ndege iliyokuwa tayari kuondoka. Akaizuia. Abiria wakateremshwa juani, vifuniko vikafunguliwa kimoja baada ya kingine, rubani akatukana, mwenye kampuni akaja mwenyewe kwa gari. Jasho lilikuwa likimtiririka Kiilu mgongoni. Mwisho walikuta ni mtungi wa samli wa mama mmoja aliyekuwa akiupeleka arusini, umelala ubavu kwenye chumba cha mizigo, unavuja.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama mwenye samli ndiye peke yake aliyekasirika, akitaka kujua nani aliulaza mtungi wake. Kiilu alimwomba radhi, akapangusa chini ya ndege mpaka pakakauka kabisa, akangoja aone kama tone lingine litatoka. Halikutoka. Akawaambia wapande.